Kimya Kilichoandikwa kwa Herufi A

Mama yangu alizungumza polepole kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Shangazi yetu, dada yake baba, alizoea kumtania kwamba anasema neno moja, anakwenda kisimani, na akirudi na ndoo kichwani ndipo anamalizia la pili. Mama alicheka, na hata kicheko chake kilichelewa kufika. Sisi watoto tulijua kwamba akinyamaza katikati hajamaliza, na aliyemdakia maneno alikula kofi. Nimeanza na jambo hili kwa sababu ndilo lililomponza.

Mimi ni fundi simu, Ifakara mjini. Shule niliishia darasa la saba. Kuandika programu nilijifunza nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwenye kompyuta mpakato kuukuu, kwa kusoma maelezo ya bure mtandaoni huku kamusi ya Kiingereza ikiwa wazi pembeni. Sijifunzi haraka. Nikisoma jambo nalijaribu, likikubali nalieleza kwa maneno yangu mwenyewe, na nisipoweza kulieleza najua sijalielewa, naanza upya. Kaka yangu mkubwa aliniita "mhandisi wetu wa darasa la saba." Alisema hivyo mbele za watu, watu wakacheka, nami nikacheka nao kwa miaka mingi.

Kila msimu mama alivuka daraja kwenda Malinyi kulima mpunga, akakaa huko kwenye kibanda chake cha shambani mpaka mavuno. Tulimwambia apumzike, amezeeka. Alisikia, akanyamaza, na msimu ulipofika akafunga jembe lake. Jirani yake wa huko alikuwa mwanamke wa Kisukuma ambaye mumewe ana ng'ombe. Mwanamke huyo alikuwa na simu nzuri kiasi, aliyoichaji kwa kipande cha sola juu ya paa. Mama hakuwa na simu wala hakutaka. Alikuwa akimwomba jirani amrekodi, amtumie mwanawe sauti.

Sauti hazikufika. Mtandao wa kule mashambani ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, tena kwa kubahatisha. Ujumbe wa maandishi ulipenya. Ujumbe wa sauti ulikwama, siku nzima, ile alama ya kusubiri ikizunguka. Niliona jambo hili likijirudia nikafikiri: kama maandishi yanapita, basi sauti na igeuzwe maandishi.

Si maandishi ya maneno aliyosema. Faili lenyewe. Faili la sauti, kama faili lolote, ni mfululizo wa namba, na kuna njia ya zamani na rahisi ya kuziandika namba hizo kwa herufi za kawaida. Unachukua baiti tatu, yaani namba tatu za faili, unazikata upya ziwe vipande vinne vidogo, na kila kipande unakipa alama yake kutoka katika orodha ya alama sitini na nne: herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama mbili za nyongeza. Aliye upande wa pili anarudi nyuma: herufi nne, baiti tatu. Ni kama mkulima ambaye gunia lake la mpunga halipiti kwenye tope. Anaumimina kwenye vifuko, anavivusha kimoja kimoja, na huko mbele anaujaza tena guniani. Vifuko vinaongeza uzito kidogo, lakini mpunga ni uleule. Kwa macho ya mtu, kinachotumwa ni fujo la herufi lisilosomeka. Sharti ni moja, usiliguse. Herufi moja ikitoka, makundi ya nne nne yanahama, na kila kinachofuata kinageuka takataka.

Programu yangu ilifanya jambo jingine pia. Mahali ambapo hakuna anayesema iliweka sifuri tupu, ili upepo na vyura wasije wakaingilia maneno. Na sifuri, katika orodha ile, ni herufi A kubwa. Kwa hiyo kila mama aliponyamaza, kwenye maandishi zilijipanga A, mstari baada ya mstari wa A. Nilijua namna ya kuzibana zisichukue nafasi, lakini niliziacha. Nilipenda kuona kwa macho mahali mama anapovuta pumzi.

Nilikwenda Malinyi nikaiweka programu kwenye simu ya jirani, nikamfundisha. Msimu mzima uliofuata ilifanya kazi. Fujo la herufi lilinifikia kwenye banda langu, naligeuza, na mama anasema: viboko wameingia kwenye mpunga wa fulani, kisha kimya, niletee chumvi.

Alipougua, utaratibu ulibadilika. Kwetu habari ya ugonjwa wa mzazi inakwenda kwa mtoto mkubwa kwanza, naye ndiye anayeitoa kwa wengine. Mama aliushika utaratibu huo. Alimwambia jirani atume kwa mkubwa.

Kaka yangu alikuwa karani wa kuchapa kwenye ofisi ya serikali mpaka alipostaafu, na sasa ni katibu wa jumuiya yetu ya kanisa. Ndiye pia msimamizi wa kundi la ukoo kwenye simu. Hakuna tangazo lililoingia mle likiwa chafu. Watu walimtumia yeye, naye alinakili, akasahihisha, akagawa aya, akatanguliza "Tumsifu Yesu Kristo," ndipo akaweka. Alisema wakwe zetu wako mle, na mtu hujulikana kwa maandishi yake. Alifanya kazi hiyo kwa moyo, bila malipo, na hakuna aliyewahi kumlalamikia.

Ilikuwa asubuhi ya mvua nilipofungua simu nikakuta fujo la herufi kwenye kundi, chini ya "Tumsifu Yesu Kristo." Lilikuwa na aya. Kila aya iliishia kwa nukta. Nililitia kwenye programu, zikatoka kelele kama mvua juu ya bati. Nikafunga banda, nikaenda kwake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umeiona ile habari ya yule jirani wa mama? Nimeinyoosha wee mpaka nimechoka. Sijaelewa hata neno."

"Haikuwa ya kusomwa, kaka. Ni sauti ya mama. Umeinyooshaje?"

"Nimegawa aya, nimeweka nukta. Na pale alipokuwa analia nimepunguza."

"Nani analia?"

"Si huyo mwanamke! Aaaa, aaaa, ukurasa mzima. Nikasema nikiiweka hivi, wakwe watadhani tumekwisha fiwa. Nimeacha kidogo tu, ieleweke kwamba ana uchungu."

Nilimwuliza ile ya kwanza iko wapi.

"Nimeifuta. Simu yangu si ghala la mpunga, mdogo wangu."

Nilimweleza. Nilimweleza taratibu, toka baiti tatu mpaka herufi nne, na kwamba zile A si kilio bali ni mama amenyamaza, na kwamba ukigusa mahali pamoja lote linaharibika. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtoto anayesimulia ndoto. Tulimpigia jirani. Simu ilikuwa imezimwa. Jua lilikuwa halijaonekana kwa siku kadhaa, na bila jua sola yake haikuchaji. Tulikuwa bado tumekaa pale simu ya kaka ilipolia. Alikuwa mume wa jirani. Ametembea mpaka barabara kubwa, ameazima simu ya dereva wa trekta. Mama amefariki.

Mwili uliletwa Ifakara kesho yake, mume wa jirani akiusindikiza. Mkewe alibaki na watoto na mifugo, na simu yake isiyowaka. Kaka alikwisha kupanga mambo: mazishi Lumemo, hapohapo Ifakara, kando ya baba, siku itakayofuata baada ya misa. Vijana wa jumuiya walikuwa wamekwisha anza kuchimba. Ndugu wa mama wa huko Chita, alikozaliwa, walikuwa hawajafika, kwa sababu njia ya kwao ilikuwa tope tupu.

Wengine walipokuwa wakifunga turubai uani, mimi nilikuwa bandani na yale maandishi. Sikujua mama amesema nini. Nilijua tu kwamba mtu anayekufa hamsumbui jirani apande kichuguu kwenye mvua bila sababu.

Kazi yenyewe haikuhitaji akili nyingi, ilihitaji utulivu. Niliondoa salamu ya kaka. Niliondoa nukta zake, maana nukta haimo kwenye orodha ya zile alama. Kisha kila mahali alipopunguza "kilio" nilijaribu: nikaongeza A moja, nikasikiliza, kelele, mbili, kelele, tatu, na ghafla katikati ya mvua ya bati likatoka neno. Makundi ya nne nne yamerudi mahali pake. Nikahamia aya iliyofuata. Wateja waligonga, wakaona pazia, wakaondoka. Jioni haijafika nilikuwa na maneno yote, toka la kwanza mpaka la mwisho.

Alisema: "Wanangu. Nasema Kiswahili ili huyu jirani asikie, awe shahidi. Msinizike Ifakara. Nipelekeni Chita kwa mama yangu. Alipokufa mito ilijaa, sikuvuka, akazikwa sijamwona. Niliahidi juu ya kaburi lake kwamba nitakuja kulala naye. Baba yenu hatachukia. Wajukuu wangu wote nawabariki. Msigombane."

Maneno yalikuwa yake. Sauti ilikuwa yake. Lakini aliyasema yote mfululizo, bila kituo, neno likimkanyaga mwenzake kisigino. Kaka alikuwa amekiondoa kimya chote, na kimya ndicho kilichokuwa mama.

Ningeweza kukirudisha. Kuongeza A mahali ambapo zilipungua ni jambo la kubonyeza kitufe na kusubiri. Nilikaa nikaifikiria hiyo. Baada ya "wanangu" alinyamaza kiasi gani? Baada ya "mama yangu"? Kama ningepima kwa kukumbuka mazoea yake, kimya kile kingekuwa changu, nimemvisha. Na mama alichagua sauti kwa makusudi, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba fulani amemtilia maneno mdomoni. Nikaichukua ilivyo, nikaenda msibani.

Walikuwa wamekaa chini ya turubai: kaka, shangazi, wazee wachache wa ukoo, binti wa kaka anayesoma chuo Morogoro, na yule mume wa jirani, peke yake mwishoni mwa benchi. Nilisema mama ameacha ujumbe kuhusu mazishi yake. Nikaweka simu juu ya meza, nikaiongeza sauti.

Ilikwisha upesi mno. Nakumbuka nilitamani iwe ndefu zaidi.

"Huyo ni nani?" aliuliza shangazi.

"Ni mama."

"Mama gani? Huyo anatangaza dawa ya panya sokoni."

Kuna mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Mdogo wangu," kaka alisema, "mama alizungumza nasi Kiswahili lini? Toka tunazaliwa si kikwetu tu?"

"Amesema sababu yake. Ili jirani awe shahidi."

"Na mama alikuwa anapumua. Huyu wako hapumui."

Binti yake alisema, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Baba, siku hizi kompyuta zinatengeneza sauti ya mtu yeyote. Zinapewa maneno tu, zinasoma."

Basi wote wakaniangalia mimi, mwenye kompyuta.

Nilimgeukia mume wa jirani. Alisimama, kofia mkononi. "Mimi nilikuwa nje na ng'ombe," alisema. "Wanawake walikuwa ndani. Nilisikia wanaongea. Walichoongea sikukisikia." Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake haukunisaidia.

Hapo nikasema jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa. Nilisema, "Pumzi zake umezifuta wewe, kaka. Ni zile A."

Kaka alisimama. Alitazama watu mmoja mmoja. "Mmesikia? Jeneza la mama liko pale ndani, nami naambiwa nimefuta pumzi zake."

Watu waliguna. Palepale jambo likaisha. Halikuwa tena swali la Chita au Lumemo; lilikuwa la mdogo aliyemkosea mkubwa wake msibani. Shangazi ndiye aliyekuja kunishika mkono. "Mwanangu," alisema, "uchungu humfanyisha mtu mambo. Hakuna anayekulaumu. Kaa, unywe uji." Ningestahimili kuitwa mwongo. Kuonewa huruma na mtu aliyemtania mama maisha yake yote kwa kuchelewa maneno, kisha asimtambue kwa sababu hakuchelewa, hilo nililinywa pamoja na uji.

Tulimzika Lumemo. Nilitupa udongo wangu kama wengine. Kaka alisoma wasifu wa marehemu, aliouandika mwenyewe, nao ulikuwa umenyooka.

Mvua zilipokwisha nilikwenda Malinyi kuvuna mpunga wa mama, maana ulikuwa umeiva na hauna mwenyewe. Jirani alikuwa uani anapepeta. Tulisalimiana, tukalia kidogo, kisha akaingia ndani akatoka na simu.

"Nimeitunza," alisema. "Mama aliniambia nisiifute mpaka mseme wenyewe mmeisikia."

Nilikwenda nayo kwenye kibanda cha mama, nikakaa juu ya kitanda chake cha miti, nikaifungua. Ilikuwa rekodi yenyewe, kabla programu yangu haijaigusa. Vyura walikuwemo. Mvua ilikuwemo.

"Wanangu," alisema mama. Kisha vyura, muda mrefu, mpaka nikadhani imekwama. "Nasema Kiswahili." Nikasikia akimeza mate. "Ili huyu jirani asikie." Ilikuwa ndefu mara kadhaa kuliko ile niliyoipeleka msibani. Baada ya "nipelekeni" alinyamaza hata nikajikuta nami nimezuia pumzi, na "Chita" ilipokuja ilikuja kama kitu alichokitoa chini, mbali, kwa mikono miwili. Ningeweka A zangu siku ile, nisingefika hata nusu.

Niliporudisha simu, nikiwa nimekwisha nakili rekodi kwenye yangu, jirani aliuliza, "Mmemzika Chita?"

"Lumemo."

Alinitazama. Kisha akauchukua ungo wake akaendelea kupepeta.

Kaka nilimkuta nyumbani kwake, mchana, peke yake. Niliweka simu mezani nikaiwasha. Hakuhitaji kufika mbali. Katika kile kimya cha kwanza, kabla mama hajasema kwamba atasema Kiswahili, kaka aliuweka mkono wake juu ya meza, kiganja chini.

"Ndiye," alisema.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sasa unataka tufanye nini? Tumfukue?"

Sikuwa nimesema nataka kitu. Niliichukua simu nikaenda zangu. Katika kundi la ukoo hakuandika lolote, na mimi sikuandika lolote. Ningeandika, ingepitia kwake kunyooshwa.

Misa ya kumwombea mama ilipokaribia, kaka alikuja bandani kwangu. Si kawaida yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama simu zilizofunguliwa matumbo juu ya meza, akauliza habari za watoto. Halafu akasema kwamba baada ya misa watu watakula pale nyumbani, na ingependeza wasikie sauti ya marehemu. Shangazi hasa ameomba. Ile sehemu ya mwisho, ya kuwabariki wajukuu, ni nzuri sana.

"Ile ya katikati," alisema, "ya mambo ya Chita. Itawasumbua watu bure. Unaweza kuikata?"

Ni kazi ndogo. Unatafuta kimya kabla ya maneno na kimya baada yake, unakata hapo na hapo, unaunganisha. Kwa watu wengi ni vigumu, kwa sababu maneno yao yameshikana. Kwa mama ingekuwa rahisi mno. Aliacha nafasi ya kutosha kila upande.

"Haikatiki," nilimwambia. "Ukigusa mahali pamoja, lote linaharibika."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeelewa.

"Haya," alisema. "Mambo ya mashine unayajua wewe, mhandisi." Na akaniamini.